Kabla hujachora ramani, uliza chombo kilikuwa wapi

Nilipoanza kuchambua data za IBEX (chombo cha NASA kinachozunguka Dunia na kuhesabu atomu zisizo na chaji zinazotoka pembezoni mwa mfumo wa jua, ili kuchora ramani ya anga) kwa ajili ya tasnifu yangu, jambo la kwanza nililofanya ni kuchora ramani. Ikatoka nzuri, na pembeni kulikuwa na doa linalong'aa. Nilishinda na doa lile siku tatu, kisha nikamwandikia msimamizi wangu kwa furaha. Alijibu swali moja tu: "Saa hizo chombo kilikuwa wapi?"

Nikafungua faili la njia yake. Kilikuwa kinatazama anga kupitia uga sumaku wa Dunia. Zile atomu zilikuwa za hapa hapa jirani, wala hazikutoka kwenye mpaka wa mbali ambako upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji utokao kwenye Jua, unakutana na gesi ya baina ya nyota.

Kwa hiyo wewe unayeanza, anza na njia ya chombo. Ramani itakusubiri.

Tena ujue vizuri kinachohesabiwa. Protoni ya upepo wa jua huenda kama kilomita 400 kwa sekunde. Ikikutana na atomu ya haidrojeni huweza kuipokonya elektroni, na kuanzia hapo haina chaji. Sumaku haiipindishi tena. Inanyoosha njia kutoka pale ilipozaliwa, ndiyo maana inatuletea habari za huko. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kifaa nacho hakiwezi kuielekeza kwa umeme mpaka kiirudishie chaji. LENA, kifaa kilichorushwa mwaka 2000 ndani ya chombo cha IMAGE, kiliziacha atomu zijigonge kwenye uso wa tangsteni. Chache ziliondoka na elektroni ya ziada, na hizo ndizo zilizohesabika. IBEX-Hi, kimoja kati ya vifaa viwili vya IBEX, hutumia utando wa kaboni mwembamba mno: atomu inapenya, na baadhi zinatokea upande wa pili zimeachwa bila elektroni.

Tilia maanani hapo niliposema "chache". Atomu ni haba, na wanaobisha hodi ni wengi: mwanga wa urujuanimno, elektroni zinazozurura, mionzi ya anga za mbali. Usiamini hodi moja. Sehemu ya kuhesabia ya IBEX-Hi ina vyumba vitatu vilivyofuatana, na atomu ikivipita vyote kwa mfuatano, vyote vitatu huitika karibu kwa pamoja. Mimi sasa nasoma hesabu hizo za mara tatu kabla ya kitu kingine chochote, hata kama zinanipunguzia data.

Kisha subiri. IBEX huchukua miezi 6 kukamilisha ramani ya anga yote. Ule utepe wa atomu nyingi uliokatiza anga, uliotangazwa mwaka 2009, ambao hakuna modeli iliyoutabiri, ulionekana kwa vifaa vyake vyote viwili, IBEX-Hi na IBEX-Lo, na ramani zilizofuata zikauonyesha tena.

Nilitafuta doa langu kwenye ramani iliyofuata. Halikuwepo.