Maswali Yenu: Mfarishi wa Viraka Usio na Mchoro

Tangu nilipogusia hapa habari za mfarishi, yaani blanketi la tabaka lililoungwa kwa viraka, mmeniandikia wengi. Haya ni baadhi ya maswali, na ninavyoyajibu.

Shikamoo mama. Fundi jirani amenipa gunia la mabaki ya vitenge. Vingine ni vya kiganja, vingine ni utepe tu wa shingoni, na havifanani. Bila mchoro naanzia wapi? (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Mwaga gunia lote sakafuni utenge: vyenye rangi nzito upande huu, vyenye rangi nyepesi upande ule. Usihangaike na maua. Mtu akiuangalia mfarishi kutoka mlangoni haoni maua, anaona palipokolea na palipong'aa.

Sasa chagua kipande kimoja unachokipenda, hata kiwe na pembe tano. Hicho ndicho kitovu. Chukua kingine kirefu kuliko ubavu wake mmoja, vilaze uso kwa uso, shona, kunjua, piga pasi, kisha ukate kilichozidi. Nenda ubavu wa pili, wa tatu, zunguka hivyo mpaka upate kipande kinachozidi kidogo sentimita 26 kila upande. Ule utepe wa shingoni usiudharau. Utepe mwembamba wa njano ukipita kati ya vipande viwili vya kahawia, kiraka kizima kinaamka. Mimi huwa naweka kopo la tepe hizo tu, na ndilo linaloisha kwanza.

Hapo ndipo unaposhika rula na kukata mraba wa sentimita 26 kamili. Ukiiunga miraba kwa mshono wa nusu sentimita, kila mmoja unabaki na 25. Miraba 20, minne kwa mitano, inatoa mfarishi wa mita 1 kwa mita 1.25, unamtosha mtoto vizuri. Ndani ya mraba fanya upendavyo, lakini kingo zake zinyooke. Kushona bila mchoro si kushona ovyo, na hilo nalisisitiza kwa sababu nimeona kazi nzuri nyingi zikiharibikia kwenye kuunga.

Wangu umevimba katikati kama andazi. Nimepiga pasi mpaka nimechoka, haulali. (Dodoma)

Pole. Mara nyingi chanzo ni kitambaa kilichokatwa mshazari. Jaribu: shika kiraka ukivute kwa kufuata uzi wake, hakiendi mbali. Kivute pembe kwa pembe, kinatanuka kama mpira. Mabaki ya shingo na makwapa yamejaa mshazari, na ukiyavuta unaposhona, ubavu mmoja unazidi mwenzake, ile ziada inapanda katikati. Fumua mzunguko wa mwisho, laza vipande mezani, bana kwa pini, uache cherehani ivute yenyewe. Na pasi iweke kisha uinue. Ukiisukuma, inatanua kitambaa upya.

Mamangu alifariki akatuachia khanga nyingi. Nataka kuzishonea mfarishi, lakini dada yangu asema kuzikata ni kumkosea marehemu. Wewe waonaje? (Mombasa)

Poleni sana kwa msiba. Katika jimbo la Alabama, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kwenye kona ya mto. Wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, na wanawake wa hapo wameshona mifarishi ya namna hii kizazi hadi kizazi. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, akiwa amefiwa na mumewe, alizichukua nguo za kazi za marehemu akazifanya mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika kwa ajili ya mapenzi. Mwaka 2002 kazi za kijiji hicho zilioneshwa kwenye makumbusho ya Houston na New York. Katika mifarishi yao ya nguo za kazi utaona mahali mfuko ulipobanduliwa: pale chini ya mfuko rangi imebaki ya kukolea, pembeni jua limeipausha. Mwili wa mtu umeacha alama yake hapo.

Kwa hiyo mimi sioni kosa, binti yangu. Ila usitie mkasi kabla dada yako hajaridhika. Kila mmoja wenu achague khanga za kubaki nzima, kisha mkate zile zilizochakaa, ambazo mama alizivaa sana. Jina la khanga msilikate katikati. Litoeni kama ukanda mzima na mlitie kwenye mfarishi lisomeke. Khanga iliyofuliwa miaka mingi ni nyepesi, basi kila kiraka kitieni bitana ya pamba.

Ndani naweka nini? Huku baridi ni kali. (Arusha)

Blanketi kuukuu linatosha kabisa. Laza kitambaa cha chini, blanketi, kisha viraka juu, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka, kuanzia katikati kwenda nje, halafu funga fundo la uzi mnene kila penye upana wa kiganja. Fundo lipite tabaka zote tatu.

Nina sindano tu, sina cherehani. Na je, nitafuaje? (Tabora)

Sindano inatosha, uzi uwe imara na mishono iwe midogo. Vitenge vipya vifue kabla ya kukata: sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake, kikitoka na rangi, rudia kufua. Mfarishi wenyewe ufue peke yake kwa maji baridi, uanike kivulini. Ukilowa ni mzito sana, kwa hiyo usiuning'inize kwenye kamba moja, mishono itafunguka. Utandaze juu ya kamba mbili au tatu.