Simu haikutokana na SIM kadi, usichapishe hicho kijitabu

Mkuu, simama hapo hapo. Unauliza kama ni sawa kuandika kwenye kijitabu cha klabu yenu ya Kiswahili kwamba "simu" imetokana na SIM kadi, na kesho kinakwenda kwa mchapaji. Kisiende!

Mimi nilichapisha. Mabango 12 ya maonyesho ya shule, shilingi 340,000, hela ya michango ya wazazi. Aliyenidanganya ni mwezeshaji wa semina fulani. Alilisema kwa uhakika, mkono mfukoni, nami nikaandika kila neno. Hadi leo nikimkumbuka nachemka. Kama hujui si unyamaze? Kwa nini uwalishe watu ulichokiota?

Siku ya maonyesho akaja mzee mmoja, mstaafu wa posta. Akavaa miwani, akasoma bango, akarudia mstari ule kwa kidole. "Mwanangu, mwaka 1968 mimi napeleka simu kwa baiskeli. Hiyo kadi ilikuwa wapi?"

Simu aliyoisema ni karatasi, telegramu. Ililipiwa kwa neno, ndiyo maana watu waliandika BABA MGONJWA NJOO wakaishia hapo. Wazazi walicheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Mabango yote niliyashusha mchana ule ule, na hela haikurudi.

Sikia basi. Kwa Kiajemi, sim ni fedha, ile ya kufulia pete, na pia ni waya. Huku kwetu habari zilikuja kwa waya: kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, ikipita chini ya bahari. Ujumbe wa waya ukaitwa simu, na chombo cha kuongelea kikarithi jina. SIM ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza kuhusu utambulisho wa mteja, na kadi za kwanza zilitengenezwa Ujerumani mwaka 1991 kwa ajili ya Radiolinja, kampuni ya simu za mkononi ya Finland. Miaka 23 baada ya ile baiskeli! Mjukuu atamzaaje babu?

Kabla hujasema neno hili limezaa lile, tafuta umri wa yote mawili. Kufanana sauti si ushahidi, hata kidogo. Muulize mtu wa miaka 70 na kitu alikuwa akisemaje ujanani.

Mpigie mchapaji usiku huu huu, kabla hajawasha mashine.