Je, ningojee kamera ya megapikseli 500?

SWALI: Ninapiga picha za sherehe na picha za watu. Kamera yangu ina kihisi (bamba linalonasa mwanga) cha milimita 36 kwa 24 chenye megapikseli 24, yaani nukta milioni 24, nayo haijawahi kunisumbua. Hata hivyo ninaambiwa kwamba simu zimekwisha kufika megapikseli 200, kwamba za megapikseli 500 ziko njiani, na kwamba akili mnemba itazifanya lenzi nzuri na taa kuwa mzigo wa bure. Muuzaji mmoja wa programu ananihakikishia pia kuwa picha zangu za zamani zilizotoka na ukungu zitarudishiwa uwazi wake wote. Je, niiuze kamera hii kabla haijashuka thamani, au ningoje?

JIBU: Usiiuze, wala usingoje. Swali lako hunifikia kila mara kwa sura mbalimbali, na kinachonikera si swali lenyewe bali imani iliyojificha ndani yake, kwamba idadi ya pikseli ndiyo kipimo cha ubora na kwamba maendeleo ya kamera ni mbio za kuiongeza idadi hiyo. Wauzaji huipenda imani hii kwa sababu namba huandikika vizuri kwenye boksi. Ni kweli kwamba kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka, aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 100 kwa 100 tu na ilihitaji sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti. Lakini kutoka hapo hadi leo mtu hawezi kuhitimisha kwamba kila sifuri inayoongezwa italeta faida ile ile iliyoletwa na zile za mwanzo.

Chukua hizo megapikseli 200. Kihisi cha simu chenye idadi hiyo kilitangazwa na Samsung mwaka 2021, na kila pikseli yake ina upana wa mikrometa 0.64 (mikrometa ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mwanga unapopita kwenye tundu la lenzi husambaa kidogo, hivyo nukta ya mwanga haitui juu ya kihisi ikiwa nukta, bali hutua ikiwa kiduara. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanometa 550 na tundu la f/1.7 (namba ya f hupima upana wa tundu, na ikiwa ndogo tundu ni pana), kiduara hicho kina kipenyo cha takriban mikrometa 2.3, hata kama lenzi imesagwa bila dosari yoyote. Kiduara kimoja basi hufunika eneo la pikseli kama kumi. Ukizigawa pikseli hizo ziwe ndogo zaidi utapata hesabu kubwa ya vipande vya ukungu ule ule. Wahandisi waliokitengeneza kihisi hicho wanalijua jambo hili kuliko mimi, na ndiyo maana wamekiwezesha kuunganisha pikseli 16 kuwa moja mwanga unapokuwa hafifu, ili kitoe picha ya megapikseli 12.5. Kazi yao ni ya kweli, na kwenye mwanga mkali unaweza kukata sehemu ya picha ukapata undani fulani wa ziada. Utapeli uko kwingine, kwenye kamera za bei ya chini ambazo kihisi chake ni kidogo na megapikseli zilizoandikwa juu yake ni za kuvutwa na programu, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi kisha akahesabu bakuli.

Kitu kinachoamua ubora ni kiasi cha mwanga kilichokusanywa. Fotoni, yaani chembe za mwanga, hazifiki kwa mpangilio, hufika ovyo kama matone ya mvua, na kubahatisha huko peke yake huzaa chengachenga, zile nukta-nukta zinazoichafua picha. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 ina mtikisiko wa kama 100, yaani asilimia moja, lakini iliyopokea fotoni 100 ina mtikisiko wa kama 10, yaani asilimia kumi. Hakuna ufundi wa kiwandani unaoiondoa hesabu hiyo. Kihisi chako kina eneo la milimita za mraba 864, ambalo ni kama mara kumi ya kile cha simu niliyoitaja, kwa hiyo kwa tundu la f lile lile na muda ule ule hukusanya mwanga mara kumi zaidi. Tena, vihisi bora vya leo hubadili zaidi ya nusu ya fotoni zinazopenya vichujio vyake vya rangi kuwa elektroni. Hata kikitokea kihisi kamilifu kisichopoteza fotoni moja, basi, hakitafikia hata mara mbili ya hicho. Anayekuahidi kamera itakayoona gizani mara mia zaidi kwa lenzi ile ile ajibu kwanza fotoni hizo atazitoa wapi. Mlango mmoja uliobaki wazi ni vichujio vyenyewe, kwa kuwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976 bado unatawala, nao hutupa sehemu kubwa ya mwanga ili kutenganisha nyekundu, kijani na buluu. Watafiti wamekuwa wakijaribu miundo midogo mno inayoelekeza kila rangi kwenye pikseli yake badala ya kuinyonya.

Maendeleo yatakayokugusa wewe yako kwenye muda. Kihisi cha kawaida husomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na ndiyo sababu panga za feni hutoka zimejipinda na flashi hukataa kasi kubwa. Mwaka 2023 Sony walitangaza a9 III, kamera ya kwanza yenye kihisi cha ukubwa kama wa chako ambacho pikseli zake zote hunasa mwanga kwa wakati mmoja, hata flashi ikaweza kutumika kwa kasi yoyote. Angalia idadi ya pikseli zake: megapikseli 24.6, karibu sawa na zako. Nayo ililipa gharama, kwa maana ISO yake ya msingi, yaani kiwango cha chini cha wepesi wake kwa mwanga, ni 250 badala ya 100 iliyozoeleka, ishara kwamba kila pikseli hujaa kwa mwanga mdogo kuliko ilivyo kawaida. Kuna pia vihisi vinavyohesabu fotoni moja moja. Canon walitangaza cha megapikseli 3.2 mwaka 2021, na miaka miwili baadaye wakakiweka katika kamera ya kutazamia mbali usiku. Megapikseli 3.2 tu, na bado hiyo ni miongoni mwa teknolojia za mbele kabisa katika fani hii.

Sasa nije kwa muuzaji wako wa programu, kwa sababu hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Hesabu ndani ya kamera si dhambi. Simu inayopiga fremu nyingi mfululizo na kuzipanga juu ya nyingine inakusanya mwanga zaidi, na matokeo yake ni kipimo halali. Hata kamera yako hukadiria, kwani kila pikseli hupima rangi moja tu na nyingine mbili hukisiwa kutoka kwa majirani. Lakini kukadiria kutokana na majirani waliopimwa ni jambo moja, na kuchora kutokana na kumbukumbu ya picha za watu wengine ni jambo jingine. Sura iliyonaswa kwa upana wa pikseli 12 inaweza kuwa ya watu wengi wasiofanana. Programu inapoirudisha ikiwa na kope, mikunjo na kidoti shavuni, haijafufua kitu. Imechagua sura mojawapo inayofanana na zile ilizofundishwa, na kadiri inavyopendeza ndivyo inavyodanganya zaidi. Nimeletewa picha ya marehemu iliyosafishwa hivyo, familia ikashangilia, mpaka dada yake akauliza huyo ni nani.

Kwenye picha ya ukumbusho hayo ni masikitiko tu. Kwenye picha ya kamera ya ulinzi, ambapo mtu hutafuta sura ya mwizi au namba ya gari kutoka kwenye madoa machache, ni hatari kubwa, maana atatajwa mtu ambaye hakuwapo. Yeyote anayeuza huduma ya kusafisha ushahidi wa namna hiyo kwa kubofya kitufe anauza uchoraji kwa jina la upimaji, na anayeutumia bila kusema umetoka wapi anashiriki. Watengenezaji wameanza kulijibu tatizo hili kwa upande mwingine: Leica M11-P ya mwaka 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kutia saini ya kidijitali ndani ya faili tangu picha inapopigwa. Saini hiyo haithibitishi kwamba tukio lilikuwa la kweli, huonyesha tu kifaa kilichopiga na kama faili imeguswa baadaye, lakini hilo nalo ningelilipia kabla ya kulipia megapikseli 500.

Kwa picha zako za zamani, tafuta kwanza faili ghafi (RAW), zenye data kama ilivyotoka kwenye kihisi, si zile za JPEG zilizobanwa ulizowapa wateja. Zenye chengachenga zina nafasi nzuri, kwa sababu programu za kuzipunguza huboreka kila baada ya muda na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye data isiyobanwa. Zile ambazo fokasi iliangukia ukuta wa nyuma badala ya macho, mwambie mteja kwamba hazitengenezeki, na fedha uliyotaka kumpa huyo muuzaji nunulia lenzi yenye tundu pana zaidi.