Mbwa wangu amezeeka, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada, mimi ni kiziwi, nipo Kirumba hapa Mwanza. Mbwa wangu ana miaka 11, mtu akigonga hodi ananigusa goti kwa pua afu ananipeleka mlangoni, ila siku hizi naye hasikii, juzi mgeni kagonga wee yeye kalala tu. Nikileta mwingine si ataona nimemtupa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujamtupa, mbwa wa kazi hiyo wengi hustaafu kwenye miaka 10 hivi, masikio na viungo vinachoka kama vyetu. Abaki kwako, mkeka wake uleule, jioni mtembee taratibu mpaka ziwani. Huyo mpya wakutane kwanza nje, kila mmoja na bakuli lake. Mzee akikugusa goti na mlangoni hakuna mtu, we nenda naye tu mkaangalie.