Umebadilisha betri ya laptop mwenyewe na haiwaki? Usimtukane muuzaji kwanza

Juzi usiku nimepata meseji ya msomaji, hata salamu hakuna: "Kaka nimebadilisha betri mwenyewe kama ulivyotuambia siku ile, laptop haiwaki kabisa, nimekwisha." Akatuma na picha. Laptop imelala kifudifudi, mgongo uko wazi, skrubu zimetapakaa kitandani. Kitandani jamani! Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nimeshakaa hapo alipokaa yeye, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa sakafuni.

Nikamjibu haraka aitoe kitandani, achomoe chaja na asiendelee kubonyeza bonyeza, mengine nitayaandika hapa kwa urefu maana najua hayuko peke yake. Nyie mnaosoma hapa nawajua, wote ni watu wa "acha nijaribu mwenyewe", hamuwezi kumlipa mtu hela akufungulie skrubu nane. Na mimi ndo hivo hivo.

Laptop yangu ilikuwa imefikia hatua ukichomoa chaja una dakika 40 tu, tena hizo 40 ni kama skrini umeifanya iwe giza. Na tachipadi ilikuwa imeanza kuwa ngumu upande mmoja, ukibonyeza hailii ile "tik" yake. Nikasema ni uchafu, nikapuliza, nikafuta, wapi. Kumbe betri ilikuwa imevimba inaisukuma kwa chini. Kama laptop yako ukiiweka mezani inachezacheza wakati zamani ilikuwa inatulia, au tachipadi imenyanyuka, acha kuichaji leo leo, na ukija kuitoa hiyo betri usiichokonoe na kitu chenye ncha, usiikunje, usiitupe kwenye takataka za kawaida. Lithiamu ikitobolewa inawaka moto, na moto wake sio wa kupulizia.

Haya. Nikafungua, nikasoma maandishi ya kwenye betri yenyewe, maana jina la laptop peke yake linadanganya, laptop mbili za jina moja zinaweza kuwa na betri tofauti. Yangu ilikuwa 11.4 V na 42 Wh. Hapo kwenye volti ndo watu wanaumia. Ukikuta mpya imeandikwa 11.1 na ya zamani ni 11.4 usishtuke, zote ni seli tatu zimepangwa mfululizo, lakini 7.6 ni seli mbili na 15.2 ni nne, hizo hata kama plagi inaingia ni kitu kingine kabisa. Wh ikizidi kidogo au ikipungua kidogo haina neno, hiyo ni ukubwa wa tanki tu.

Betri ikafika. Kuibadilisha nitaruka, video zipo za kutosha. Nilimaliza karibu saa sita usiku, nikafunga skrubu zote nane, nikajipongeza kabisa kwa sauti, nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza nikashikilia. Nikachomeka chaja, taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka mara moja ikazima, basi, ndo ilikuwa kwaheri. Kazi ya watu ilikuwa humo ndani na nilitakiwa kuituma asubuhi. Unajua ule moto unaoanzia tumboni unapanda mpaka masikioni? Ndo nilikuwa nao nikafanya kosa la kwanza, nikamwandikia muuzaji wa betri. Sitarudia nilichoandika. Nilimwita mwizi, na hilo lilikuwa neno la upole kuliko mengine.

Asubuhi nikaibeba kwa fundi mmoja. Akaishika, akabonyeza kitufe mara mbili, akaigeuza akaona skrubu zimekwaruzwa, akaniuliza nani alifungua. Nikasema mimi. Akawaangalia wenzake wawili waliokuwa pale, akasema, "Haya, YouTube imekufundisha kufungua, si ikufundishe na kufunga?" Wakacheka wote. Kisha akasema bodi, ile sahani kuu ya saketi inayobeba kila kitu, imeungua, hapo ni kubadilisha bodi nzima. Hajaifungua! Hata bisibisi hajashika! Nimeandika hii aya mara tatu nikaifuta, maana ni mambo ya zamani kidogo na mimi ni mtu mzima, ila kile kicheko mpaka leo nikishika bisibisi nakisikia. Fundi anayepima mgonjwa kwa kumwangalia viatu sio fundi.

Nikarudi nayo nyumbani. Nikalala kwanza, na huu ni ushauri namba moja ingawa hamtaufuata: ukiwa na hasira usifungue mashine.

Nilipoamka nikajiuliza swali moja tu. Jana kabla sijafungua hii laptop ilikuwa inawaka, sasa haiwaki, hapo katikati nani kaigusa? Mimi. Sio muuzaji, sio umeme, sio kirusi. Kwa hiyo tatizo liko kwenye kitu nilichogusa mimi. Ukishakubali hilo, kazi imepungua nusu, maana vitu ulivyogusa unavijua. Mimi nilikuwa nimegusa vitatu: plagi ya betri, waya bapa wa tachipadi uliokuwa umepita juu ya betri, na skrubu.

Nikafungua tena. Nikachomoa plagi ya betri, chaja pia haipo, nikashikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 hivi. Inaonekana ni uchawi lakini una maana, ndani ya bodi kunabaki chaji kidogo inayong'ang'ania na kuna saketi ndogo inayosimamia umeme ambayo inaweza kuganda na kumbukumbu za ovyo, ukishikilia hivo unaikausha ianze upya. Halafu nikafanya kitu ambacho yule fundi angekifanya kwa dakika mbili angeniokoa: nikachomeka chaja bila betri kabisa, nikabonyeza.

Ikawaka. Feni ikalia, nembo ikatokea, nikapiga kelele mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuangalia kuna nini. Bodi iliyoungua gani inawaka?

Tafadhali tuelewane hapa, kuna laptop ambazo zimetengenezwa zikatae kuwaka bila betri, kwa hiyo ikikataa usianze kulia, haimaanishi bodi imekufa. Lakini ikiwaka, umeshajua kwamba bodi nzima, chaja nzima, skrini nzima, na mwizi ni mmoja tu amebaki, betri au plagi yake.

Nikazima, nikachomoa chaja, nikaiangalia ile plagi kwa tochi ya simu. Ilikuwa imekaa upande! Upande mmoja imezama, upande mwingine imebaki juu kama unene wa ukucha. Plagi ya betri sio waya mwekundu na mweusi peke yake, katikati kuna vipini vidogo vya mawasiliano, betri ya laptop ina chipu yake inayoongea na laptop, inaiambia mimi ni nani, nina joto kiasi gani, nimebakiwa na kiasi gani. Vipini hivyo visipogusa, laptop inaona kitu kisichojitambulisha inakikataa. Mimi nilikuwa nimebonyeza katikati nikasikia "tik" nikaridhika. Nikaichomoa ikatoka sawasawa, nikairudisha kwa vidole gumba viwili, kila upande kimoja, nikachomeka chaja. Ile taa ndogo ikawaka na haikuzima.

Bado ukibonyeza bila chaja haiwaki. Hapo msiogope. Betri mpya nyingi zinatumwa zikiwa zimelazwa usingizi ili zisijimalize njiani, na kinachoziamsha ni chaja. Niliiacha nusu saa, nikachomoa chaja, ikawaka yenyewe. Wengi wanarudisha betri nzima dukani kwa sababu ya usingizi tu.

Basi nikadhani nimemaliza. Weee. Kwanza tachipadi imekufa. Pili intaneti haifunguki, waifai imeunganishwa vizuri kabisa lakini kila tovuti inaniambia muunganisho sio salama. Nikasema sasa nimeua na kadi ya waifai. Nilihangaika na hiyo saa nzima, nikasahau nenosiri nikaingiza upya, nikawasha ruta upya, kumbe jibu liko pale chini kwenye kona ya skrini, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Laptop zingine saa yake ya ndani haina kibetri chake cha pembeni, inategemea hii betri kubwa, ukiichomoa saa inasahau, na tovuti za siku hizi vyeti vyake vya usalama vina tarehe, laptop inayodhani iko zamani inaona vyote ni vya uongo. Nikarekebisha tarehe, kila kitu kikafunguka. Sekunde kumi. Na kwenye hilo hilo la kusahau, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, tafuta ule ufunguo wake wa tarakimu 48 KABLA hujafungua skrubu ya kwanza, maana mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoamsha laptop kabla ya Windows, ikijifuta laptop inaweza kukuomba, na hapo huruma haipo.

Tachipadi ilikuwa ule waya bapa. Nilijiapiza kwamba niliugusa kidogo tu. Hakuna kidogo tu kwenye waya bapa. Ule unashikwa na kikomeo cha plastiki chembamba kinachonyanyuka kwa ukucha, unanyanyua, unaingiza waya mpaka mstari wake mweupe uwe sambamba na mdomo wa plagi, unakilaza. Mimi wangu ulikuwa umeingia mshazari. Na kabla ya kugusa hizo waya chomoa betri kwanza, narudia, chomoa betri kwanza, kuchomekachomeka vitu kwenye bodi yenye umeme ndo unaunguza bodi kweli na yule fundi anakuwa nabii.

Skrubu je? Mbili zilikuwa ndefu kuliko zingine na nilizichanganya. Nilibahatika, zilinyanyua plastiki kidogo tu. Skrubu ndefu kwenye tundu fupi inaweza kutokeza upande wa pili au kutoboa kitu cha thamani. Chora laptop yako kwenye karatasi, kila skrubu iweke mahali pake kwenye mchoro.

Wiki ya kwanza asilimia zilikuwa zinaruka, unaona 34 mara 7 mara imezima. Chipu ilikuwa bado haijajipima. Niliichaji mpaka 100, nikaiacha kwenye chaja masaa mawili, nikaitumia mpaka ikajizima, nikachaji tena bila kukatisha. Ikatulia. Halafu ikawa haivuki 80, nikaanza tena kumfikiria vibaya muuzaji, kumbe kuna mpangilio niliuwasha mwenyewe zamani wa kuizuia isijae ili idumu. Mwenyewe! Ukiona Windows inasema imechomekwa lakini haichaji, angalia huo mpangilio kwanza, kisha ingia kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), sehemu ya betri, futa ile yenye neno ACPI, washa upya, inarudi yenyewe. Ukitaka kujua kama betri ni mpya kweli usiulize mtu, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, itakuandalia ripoti yenye uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Yangu vilikaribiana sana. Muuzaji hakuwa mwizi.

Na hapa ndo nataka niseme na nyie kwa ukali kidogo. Tunapenda kujifanyia wenyewe, vizuri, lakini ikiharibika tunataka awepo mtu wa kubeba. Huwezi kuchukua sifa ya kufungua halafu lawama ya kufunga umpe mwingine. Kitu kikifa baada ya mkono wako, anza na mkono wako. Rudi ulikopita, plagi kwa plagi. Rudi tena. Mimi nilimwandikia yule muuzaji kuomba radhi, meseji ndefu, imesomwa, na hajajibu hadi leo. Ana haki yake.

Yule fundi sijamrudia. Nilipita pale siku moja na laptop imewaka, nimeibeba wazi kama trei, makusudi. Hakunitazama.

Nilipokuwa namalizia kuandika hii msomaji wangu akarudi. "Kaka imewaka! Plagi ilikuwa imekaa upande kama ulivosema. Ila herufi za katikati haziandiki."

Nikamuuliza, mdogo wangu, waya wa kibodi uliugusa?

"Kidogo tu."