Jibu: Klipu gani zishike chujio la hewa?

Mkuu, umeuliza kwa nini chujio jipya la mm 592 × 592 linacheza kwenye fremu ya mtambo wa hewa ilhali klipu (vibanio vya springi vinavyolishika) ni zile zile. Shida ni kina. Klipu huchaguliwa kwa unene wa sehemu inayobanwa, wala si upana wa chujio. Ulitoa chujio bapa la mm 48 ukaweka la mifuko, lenye ukingo wa mm 25. Klipu ndefu ya chujio la zamani haiufikii ukingo huo mwembamba ili kuubana.

Weka chujio mahali pake pamoja na gasketi (ukanda laini wa kuziba hewa isipite pembeni), kisha pima kutoka tundu la fremu linaloshika klipu hadi uso wa ukingo. Klipu inayofaa huibonyeza gasketi hadi karibu nusu ya unene wake. Ikilegea, hewa chafu hupita pembeni, na utaona michirizi ya vumbi kwenye kona upande wa hewa safi. Ikibana mno, ukingo wa kadibodi hupinda na pengo hufunguka katikati ya klipu mbili. Tumia klipu 4, karibu na kona.

Angalia pia chujio linaingilia upande gani, jambo ambalo wengi hulisahau. Likiingilia upande hewa inakotoka, hewa yenyewe hulisukuma kwenye gasketi. Likiingilia upande wa pili, klipu ndizo zinazobeba mzigo wote: kwa tofauti ya shinikizo la hewa ya paskali 250 ni takriban nyutoni 88, kama uzito wa kilo 9. Hapo springi nyembamba haifai kabisa.

Kama chujio liko baada ya koili ya kupoza hewa, ambako kuna unyevu, weka klipu za chuma cha pua. Springi ikiota kutu hukatika, na kipande huishia kwenye feni.