Maswali ya Wasomaji: Jezi 67 ya Wanyama, Mtaa Mmoja Viwanja Viwili na Mambo Mengine ya Soka la Uskoti

Toleo lililopita niliandika mistari miwili mitatu tu kuhusu Celtic, klabu ya Glasgow, basi meseji zikamiminika mpaka nikashangaa, kumbe huku kwetu wapo watu kibao wanaofuatilia soka la Uskoti na hawana pa kuulizia. Leo ukurasa wote nimewaachia wao. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Kaka mambo vipi. Kuna jamaa hapa kijiweni anabisha eti Victor Wanyama, yule Mkenya, alivaa jezi namba 67 pale Celtic kwa sababu namba zingine zilikuwa zimeisha. Nimebishana naye mpaka nimechoka. (Msomaji, Likoni)

Poa ndugu yangu. Mwambie huyo jamaa akae chini asikilize. Ile 67 ni mwaka. Tarehe 25 Mei 1967, Lisbon, Celtic wakawa klabu ya kwanza ya Uingereza yote kubeba Kombe la Ulaya, ndo Ligi ya Mabingwa ya sasa, wakiwafunga Inter Milan 2-1. Inter ndo walitangulia kwa penati ya Mazzola mapema kabisa, halafu wakarudi nyuma kulinda kama walivyozoea, Celtic wakawapiga mashuti mpaka beki Gemmell akasawazisha kipindi cha pili na Chalmers akamalizia zikiwa zimebaki dakika chache. Sasa kinachonisisimua mimi ni hiki, wachezaji wote wa ile timu walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wa Celtic Park. Maili 30 ni kama kilomita 48, yaani ukitoka hapo Likoni hata Kilifi hujafika. Vijana wa mtaani wale, ndo waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Kwa hiyo mtu akivaa 67 pale Glasgow anawaambia mashabiki kwamba najua nimekuja wapi, na Wanyama alipofika 2011 kutoka Beerschot ya Ubelgiji akaivaa.

Na akailipia. Tarehe 7 Novemba 2012 nilikuwa banda umiza moja Magomeni, mechi inaanza saa 4:45 usiku, Celtic na Barcelona, hiyo Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta. Siku moja kabla Celtic walikuwa wametimiza miaka 125, mashabiki wakapanga kadi za rangi uwanja mzima, ukitazama kwenye TV unaona kama zulia. Dakika ya 21 kona, Mulgrew anapiga, mpira unaenda nguzo ya mbali na pale kuna Jordi Alba, mfupi, halafu nyuma yake anapanda Wanyama. Kichwa. Banda lote likasimama, mwenye banda akawa anapiga kelele kaeni chini mnaziba skrini, nani amsikilize! Mkenya wa kwanza kufunga goli Ligi ya Mabingwa Ulaya, na amewafunga Barcelona. Baadaye kipa Forster akapiga mpira mrefu, Xavi akaukosa, dogo wa miaka 18 Tony Watt akaenda nao akafunga la pili. Messi alipata la kufutia machozi dakika za nyongeza, ikaisha 2-1.

Mwaka uliofuata Southampton wakamnunua kwa pauni milioni 12.5, kipindi kile hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji kwa hela ndefu kiasi hicho. Na 2025 alirudi Uskoti, Dunfermline, akakutana tena na Neil Lennon, kocha yuleyule aliyekuwa naye usiku wa Barcelona. Haya, kalipwe soda yako.

Eti Bigirimana wa Yanga aliwahi kucheza Rangers? (Mwananchi, Temeke)

Rangers, mahasimu wa Celtic hapohapo Glasgow, walimchukua kwa mkopo kutoka Newcastle 2015 lakini hakupata kucheza. Uskoti alicheza kweli Motherwell, halafu akaenda Hibernian. Ila mi naomba watu wajue hadithi yake kabla ya hapo. Gaël alizaliwa Burundi, akaenda Uingereza akiwa mtoto, familia ya wakimbizi, wakafikia Coventry. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye akademi ya Coventry City kuomba nafasi, hana wakala hana barua, na akatokea hapo mpaka Ligi Kuu ya England. Alipokuja Jangwani 2022 watu wakamhukumu kwa mechi chache tu, roho iliniuma.

Shikamoo. Nimesoma kwamba Dundee kuna timu mbili na viwanja vyao viko mtaa mmoja. Inawezekanaje, na mashabiki si watauana? (Dada wa Morogoro)

Marahaba dada yangu. Ni kweli, na hawauani. Dundee FC wako Dens Park, Dundee United wako Tannadice, barabara ileile, katikati hazifiki hata mita 200. Hakuna viwanja vingine vya timu kubwa Uingereza vilivyokaribiana hivyo. Ukisimama nje ya geti moja unaona kuta za uwanja mwingine, nyumba za watu ziko hapohapo.

Wale majirani wameumizana kwa njia za mpira tu. Chukua Jim McLean. Alikuwa kwenye benchi la ufundi la Dundee, mwishoni mwa 1971 akavuka barabara kwenda kuwa kocha mkuu wa United, akakaa miaka 20 na zaidi. United ile aliikuta ndogo, akalea vijana, na 1983 wakachukua ubingwa wa ligi, tena siku ya kuutwaa walicheza wapi? Dens Park, nyumbani kwa jirani, wakashinda 2-1. Mwaka uliofuata wakafika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, 1987 wakafika fainali ya Kombe la UEFA. Na kuna rekodi moja ambayo kila nikiitaja watu wanadhani natania, Dundee United wamekutana na Barcelona mechi nne za mashindano, mbili 1966 na mbili 1987, nyumbani na ugenini, wameshinda zote nne. Sio sare. Zote nne!

Dundee FC nao wasidharauliwe, mabingwa wa 1962 na nusu fainali ya Ulaya msimu uliofuata. Na Dens Park ndo uwanja uliotoa siku ya majonzi makubwa kuliko zote kwa watu wa Hearts. Hapo naunganisha na swali linalofuata kwa sababu mzee wangu kauliza kitu kinachoendana.

Mwanangu, nimekuwa nikisikia jina Heart of Midlothian toka enzi za redio ya mbao. Ni timu gani hii, na kwa nini haichukui ubingwa? (Mzee mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Hearts ni ya Edinburgh, ilianza 1874, uwanja wao Tynecastle, stendi zimebana kabisa na uwanja, mchezaji anayerusha mpira anasikia anachoambiwa na mtu wa mstari wa mbele.

Ubingwa waliukaribia mwaka 1986 kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Walikuwa hawajafungwa mechi 27 za ligi mfululizo. Siku ya mwisho, tarehe 3 Mei, walihitaji sare tu pale Dens Park. Dakika ya 83 ikafika bado 0-0, mashabiki wa Hearts wameujaza uwanja, redio masikioni, huku Celtic wanawashindilia St Mirren 5-0 kwa hiyo wakipoteza tu, tofauti ya magoli inawaua. Kona. Mpira ukadondoka kwa Albert Kidd aliyeingia akitokea benchi, akafunga. Dakika chache akafunga na la pili. Celtic bingwa. Mzee wangu, kuna watu wazima walilia kwenye ngazi za Dens Park siku ile na wanalikumbuka jina la Kidd mpaka kesho. Na baada ya Aberdeen ya Alex Ferguson kuchukua 1985, misimu 40 mizima iliyofuata ubingwa ulikuwa ni wa Celtic au Rangers tu, hakuna mwingine.

Ila kuna msimu mwingine ambao Hearts waliukosa na hakuna aliyewalaumu. Novemba 1914 walikuwa wanaongoza ligi, Vita Kuu ya Kwanza imeshaanza, na wachezaji wao wakajiandikisha jeshini kwa pamoja, batalioni ya Royal Scots iliyokusanywa na mtu anaitwa McCrae, mashabiki wao nao wakawafuata kujiandikisha. Usiku wanapigishwa kwata na matembezi marefu, Jumamosi wanacheza mpira, miguu imevimba. Msimu ukawashinda mwishoni, Celtic wakawapita. Saba wa kikosi kile hawakurudi, na watatu kati yao walikufa siku moja tu, tarehe 1 Julai 1916 kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa. Pale Haymarket, Edinburgh, kuna mnara wa saa wa kuwakumbuka, na kila Novemba watu wa Hearts wanakwenda kusimama hapo. Watu wenye babu waliokuwa Keya, lile jeshi la mkoloni, wanaelewa vizuri naongelea nini.

Celtic na Rangers ni kama Simba na Yanga? (Wengi mmeuliza hili)

Joto linafanana, mizizi hapana. Simba ilitoka tumboni mwa Yanga, ni ndugu waliogombana Kariakoo 1936. Kule Glasgow kuna dini na uhamiaji ndani yake. Celtic ilianzishwa 1887 na bruda wa Kikatoliki, Walfrid, ili kupata hela za kuwalisha watoto maskini wa upande wa mashariki wa mji, wengi wao wa familia zilizotoka Ireland. Rangers ya 1872 ikawa ya Waprotestanti, na kwa miaka mingi haikusajili Wakatoliki hadharani mpaka Mo Johnston, Mkatoliki, alipoingia 1989, ugomvi wake ulitikisa mji.

Lakini mi nataka niwaambie habari ya ngazi namba 13. Ibrox, uwanja wa Rangers, tarehe 2 Januari 1971, wanacheza na Celtic, watu zaidi ya 80,000. Dakika ya 89 Celtic wakafunga, sekunde za mwisho Colin Stein akasawazishia Rangers, 1-1. Watu wakaanza kutoka. Ngazi ile ilikuwa ndefu, mteremko mkali, na pembeni imebanwa kiasi kwamba ukishaingia huwezi kutoka, umati ndo unakubeba, miguu haigusi hata chini. Mtu mmoja akaanguka, wa nyuma wakamwangukia, na juu watu bado wanashuka hawajui. Wakafa 66. Watano walikuwa vijana wa kijiji kimoja, Markinch, walikwenda pamoja mpirani. Muda mrefu watu waliamini waliokuwa wanatoka waligeuka kurudi waliposikia shangwe za goli, lakini uchunguzi ulionyesha wote walikuwa wanashuka, upande mmoja. Na haikuwa mara ya kwanza, ngazi hiyohiyo iliua wawili 1961.

Wiki chache baadaye wachezaji wa Rangers na wa Celtic walivaa jezi moja, timu moja, wakacheza na kikosi cha Uskoti pale Hampden, uwanja wa taifa, kuchangia familia za marehemu, George Best na Bobby Charlton wakaja kuwasaidia, na watu zaidi ya 81,000 wakanunua tiketi. Sheria ya usalama wa viwanja ikapitishwa 1975, na Ibrox ikabomolewa pande tatu ikajengwa upya ya kukaa kwenye viti, ikabaki ile stendi kuu ya matofali mekundu. Kwa hiyo siku ya dabi Kwa Mkapa mkiona geti moja tu limefunguliwa na watu wanasukumana, msinyamaze, pigeni kelele, rudini nyuma, mnyanyueni mtoto mabegani.

Kaka naenda kusoma Glasgow Septemba inshallah. Nikipata Jumamosi moja tu, niende uwanja gani? Na ile ya 36-0 ni kweli? (Mwanafunzi, Unguja)

Hongera sana mdogo wangu. Ni kweli. Tarehe 12 Septemba 1885, Kombe la Uskoti, Arbroath 36, Bon Accord ya Aberdeen 0. Jocky Petrie, kijana wa miaka 18, peke yake magoli 13. Inasimuliwa kipa wa Arbroath alikosa kazi mpaka akajikinga mvua chini ya mwavuli wa mtazamaji. Na siku hiyohiyo, Dundee Harp wakashinda 35-0! Madagascar 2002 kuna mechi iliisha 149-0 lakini pale timu moja ilikuwa inajifunga yenyewe kwa kumgomea refa, kwa hiyo kwa magoli ya kumfunga mpinzani bado heshima ni ya Arbroath.

Basi na swali lako la kwanza jibu ni hukohuko Arbroath. Celtic Park na Ibrox utakuwa nazo kila siku hapo mjini. Jumamosi yako panda treni ya Aberdeen pale Queen Street asubuhi, shuka Dundee, panda kile kilima kwa miguu ukaangalie viwanja viwili vya mtaa mmoja, rudi stesheni, endelea mpaka Arbroath. Mechi nyingi zinaanza saa 9 alasiri. Uwanja wa Gayfield uko baharini kabisa, ukuta halafu maji, bahari ikichafuka povu linarukia mpaka ndani na kipa akipiga mpira juu upepo unaweza kumrudishia. Kabla ya kuingia tafuta smokie, samaki wa moshi wa pale, anachomwa kwa kuni juu ya pipa na analiwa wa moto kwa mkono, wewe wa Unguja hutajiona mgeni. Chukua koti zito hata kama asubuhi jua linawaka, na ukifika nitumie picha ya ule ukuta niiweke kwenye ukurasa huu.